Jinsi Mola Alivyoiondoa Nadhiri ya Bibi Shingoni Mwetu

Assalamu alaykum, ndugu zangu, wanaume kwa wanawake, mlioko Amu na mlioko visiwani kote. Ahimidiwe Mola aliyenipa pumzi ya kuyasema haya na mkono wa kuyaandika, ingawa mkono wenyewe ni wa mtu aliyeacha skuli darasa la nne akaenda kubeba mchanga kwa punda. Mkiona mahali nimekosea, sameheni maandishi, shikeni maana.

Mimi ni Bunu. Anijuaye anijua. Kwa asiyenijua, zile mashua za injini zilizopakwa kijani pale Ras Kitau ni zangu, na ile nyumba ya wageni ya Shela yenye mlango wa nakshi ambao Wazungu husimama kuupiga picha ni yangu. Sikurithi hata msumari. Nilianza na punda wa kukodi, tena kiwete. Na jambo jengine, ambalo ndilo lililonileta mbele yenu, mimi ni mpiga udi. Nasema udi wa nyuzi, si wa kufukiza. Toka Matondoni mpaka Faza hakuna harusi ya maana ambayo sikuitwa, na wako waliosogeza siku ya harusi kwa kuwa mimi nilikuwa na safari. Huku si kujisifu, ndugu zangu, ni habari tu. Waulizeni mabibi harusi.

Lakini nataka niwashuhudie kwamba kwa miaka mingi, pamoja na mashua na nyumba na makofi ya watu, nilikuwa masikini. Baba yangu mzazi hakuwa radhi nami. Na mtu asiye na radhi ya baba ni kama mashua iliyopakwa rangi nzuri, chini ina tundu. Watu wa pwani huisifu, na yeye aliyemo ndani anateka maji.

Baba yangu ni Bwana Shee, mshona kofia. Mkipita mtaa wetu wa zamani mtamwona amekaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, kofia gotini, sindano mkononi, hainui macho isipokuwa kwa salamu na kwa adhana. Msidhani ni mtu mkavu. Siku za maulidi, matari yakipigwa, Baba hutikisa kichwa taratibu na machozi humtoka, hajali nani anamtazama. Sauti nzuri anaijua. Ila nyuzi hazitaki. Jirani akifungulia redio nyimbo za taarabu, Baba hukunja mkeka wake akaingia ndani.

Sisi watoto tulikua tukijua sababu, kama mtu anavyojua jina lake. Bibi yetu, mama yake Baba, aliweka nadhiri. Mwanawe mkubwa, Ami Athmani, alikuwa mpiga udi. Alikwenda kupiga harusini akarudi na homa, homa ikamuua kijana hajaoa. Ikawa ni neno la nyumba: Bibi ameweka nadhiri, udi hautalia tena kwetu, wala mwana wala mjukuu hatashika nyuzi, na atakayeshika atafuata njia ya Athmani. Basi. Kwetu nyama ililiwa, vitabu vilisomwa, wali ulipikwa, na udi haukutajwa.

Sasa Mola akanitia mimi katika nyumba hiyo, na vidole hivi.

Nilipokuwa nikibeba mchanga Shela, kulikuwa na mzee mmoja mlinzi wa nyumba ya Mzungu, Mzee Bakari. Wenye nyumba wakiwa Ulaya, yeye mchana hukaa juu darini kwenye upepo akapiga udi wake. Nilisimamisha punda nikasikiliza. Punda akala bustani ya Mzungu, Mzee Bakari akashuka kunigombeza, akaniona nalia. Akaniuliza, "We mtoto, umepigwa?" Nikamwambia sikupigwa. Akanitazama, akasema, "Mfunge punda, upande juu." Ndugu zangu, mimi skuli herufi zilinishinda, lakini udi ulinikubali kama mtu aliyekuwa akiningoja. Hata mwaka haukupita Mzee Bakari akawa ananiachia nipige, yeye akalala.

Baba alikuja kujua Matondoni, kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yake. Aliitwa kwenye nikaha, akafika na kofia mpya ya zawadi mkononi. Akanikuta mwanawe nimeketi mkekani mbele ya watu, udi kifuani. Alimkabidhi mwenye harusi kofia yake, akavaa makubadhi, akashika njia ya kurudi Amu kwa miguu. Nikainuka katikati ya wimbo nikamfuata, udi begani.

"Baba," nikamwita.

"Usiniite Baba na kitu hicho begani. Kiweke tini."

"Nikikiweka chini hapa kitaibiwa."

"Naam, na kiibiwe. Mwizi atalipwa kheri."

Tukaenda. Kisha akasimama, akanigeukia, na usoni pake sikuona hasira. Niliona kitu chengine ambacho wakati ule sikukitambua. Akasema, "Ami yako alikufa na hiki. Wataka nikuzike na wewe?"

"Ami alikufa kwa homa, Baba."

"Homa ilitumwa. Bibi yako ameweka nadhiri, na wewe waikanyaga kwa miguu miwili. Basi sikia. Radhi yangu huna mpaka ukiwate, ukitupe mbali. Nyumba yako, ukipata nyumba, sitaiingia. Cha kwako sitakila."

Akaenda zake. Mimi nikarudi harusini, nikamaliza wimbo. Nilikuwa kijana, damu inachemka, nikajisemea: atakuja mwenyewe nikiwa mtu mkubwa.

Nikawa mtu mkubwa. Hakuja.

Sitawachosha kwa jinsi nilivyopanda. Nilibeba mchanga, nikanunua punda, nikanunua mashua kongwe nikaitia injini, nikawavusha wageni Manda na Shela, na jioni wageni wakataka muziki, nami nilikuwa nao. Udi ndio ulionijengea, sifichi. Lakini kila sikukuu ya Idi, nikitoka kuswali na kanzu yangu mpya, nilikwenda dakani kwa Baba kumbusu mkono kama anavyofanya kila mwana. Baba hakunifukuza hata mara moja. Alinipa mkono, ila kwanza aliuvuta ndani ya mkono wa kanzu, nikabusu kitambaa. Ndugu zangu, nimeumwa na nge, nimepigwa na boriti ya mashua, lakini hakuna kilichoniuma kama kitambaa kile.

Mama naye alikuwa katikati. Nilimpelekea samaki, yeye akimpikia Baba kimyakimya. Siku moja nilikuwa nje ya mlango nikawasikia.

"Samaki huyu wa nani?" Baba akauliza.

"Wa baharini," Mama akasema.

"Na baharini katolewa na nani?"

"Ala, Bwana, wewe mla samaki au hakimu?"

Baba akasogeza sahani, akala mkate na chai ya rangi. Mama akamla samaki mzima peke yake kwa hasira, na mwiba ukamkwama. Mpaka leo humlaumu Baba kwa mwiba ule.

Basi tukafika kwenye shida yenyewe. Msimu wa mvua uliopita, dari ya nyumba ya Baba iliyooza boriti ilianguka, jiwe zima zima, karibu na kitanda chake. Nyumba ile ya mawe ni ya tangu enzi za mababu, na haikuwa tena ya kulala mtu. Nikaenda mbio na watu wangu na matoroli. Mama alikubali kuhamia kwangu. Baba akatandika godoro dakani, upepo wa mvua unampiga, akasema, "Mimi niko sawa hapa." Nikasema nitaitengeneza nyumba yake. Akasema, "Kwa fedha ya nyuzi? Acha ianguke." Kikohozi kikamwanza. Kila nikipita nilimsikia tangu mwanzo wa uchochoro. Nikaanza kuona kwa macho yangu kwamba baba yangu atakufia nje ya nyumba, mkono umo ndani ya kanzu, nami nitabaki na kitambaa maisha yangu yote.

Hapo, ndugu zangu, kiburi changu kilinitoka kama maji kwenye ndoo. Niliswali nikamwambia Mola: nimeshinda kila mtu isipokuwa huyu mmoja, na huyu sitaki kumshinda. Nikautoa udi ukutani. Niliazimia kuuchoma.

Lakini mtu wa biashara haangamizi mali bila kuuliza. Nikaubeba kwanza kwa Mwalimu Omari, anayesomesha madrasa Shela. Mwalimu huyu hapendi nyuzi, na huwa hafichi. Mara ngapi amenipita njiani akasema, "Bunu, mkono huo ungelifaa kushika kalamu." Nilijua atafurahi, na nilitaka angalau mtu mmoja afurahi. Nikamweleza yote tangu mwanzo.

Akanisikiliza, kisha akasema, "Kabla hujawasha moto, nambie. Bibi yako alisemaje?"

"Aliweka nadhiri, Mwalimu."

"Nimesikia. Nadhiri ni maneno. Maneno yake ni yepi?"

Miaka yote ile, ndugu zangu. Tumeogopa maneno ambayo hakuna aliyeyajua.

Mwalimu akavaa viatu, tukaenda kwa Baba. Alimheshimu sana Mwalimu, akamkaribisha godoroni, mimi nikasimama. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba nadhiri humfunga aliyeiweka, haimfungi mjukuu ambaye hata hajazaliwa. Baba akatikisa kichwa. "Mwalimu, wewe umesoma, lakini yule alikuwa mama yangu. Alisema sisi na vizazi vyetu. Sitamfanya mwongo kaburini."

"Basi nambie alivyosema, Bwana Shee, neno kwa neno."

Baba akasema polepole, "Sikuwamo chumbani. Nalikuwa mdogo. Nilitumwa kwa mwalimu kuandikiwa kombe la Athmani, zile aya zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Nilirudi nalo mbio, nikimwaga njiani. Nilipofika lilibaki kidogo tu, na Athmani hakulinywa. Baadaye Mama alituambia ameweka nadhiri. Basi."

Hapo ndipo nilipokijua kile kilichokuwa usoni pake siku ya Matondoni. Ilikuwa ni hofu. Baba yangu hakuwa amenikasirikia. Alikuwa yule mtoto na kombe lake, anakimbia tena asichelewe.

"Nani alikuwamo chumbani?" Mwalimu akauliza.

"Mama, na dada yangu Zena."

Shangazi Zena aliolewa Siyu, na kwa rehema ya Mola yuko hai, na ulimi wake uko hai kumshinda yeye. Mwalimu akasema twende. Baba akasema ataenda, ila si kwa mashua yangu. Basi mimi, mwenye mashua za injini za kijani, nililipa nauli nikakaa katika boti ya abiria, kati ya gunia la vitunguu na kapu la kuku. Nahodha akaniona.

"Bwana Bunu, vipi, zako zimezama?"

"Endesha chombo chako."

"Si kitu, kaa hapo, kuku wamekupenda."

Abiria wakacheka. Nikamtazama Baba kwa pembe ya jicho, nikaona midomo yake imecheza. Nilikuwa tayari kukaa na kuku mpaka Mombasa.

Tulimkuta Shangazi amekaa ukumbini anasuka ukili. Akamtazama Baba juu na chini. "Shee, umekonda. Hula? Na huyu ndiye Bunu mwenye kelele?"

"Ndiye," Baba akasema.

"Nimekusikia kwenye simu za wajukuu," akaniambia. "Wapiga kwa nguvu kama watwanga mpunga. Ketini. Mumekuya kwa lipi?"

Mwalimu akamuuliza. Mikono ya Shangazi ikasimama kwenye ukili. Akasema, "Nalikuwa nimeshika bakuli la mai, namkanda paji la uso. Mama akainua mikono, akasema: Ya Rabbi, ukimponya mwanangu Athmani, basi udi hautalia tena nyumbani mwangu, mimi na vizazi vyangu. Ndivyo alivyosema. Nayasikia mpaka leo."

"Rudia tafadhali, Bi Zena," Mwalimu akasema. "Ukimponya?"

"Ukimponya."

Mwalimu akamgeukia Baba. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayefunua jeraha la mwenziwe. "Bwana Shee. Athmani alipona?"

Baba akatazama ukili miguuni pa dada yake. Kisha akasema, "Tulimzika baada ya alasiri."

"Basi nadhiri haikusimama," Mwalimu akasema. "Mama yako aliifunga kwa sharti, na sharti halikutimia. Mola alimchukua mja wake kwa hekima anayoijua Yeye, na hakuidai ile ahadi. Hakumdai Mama yako, hakukudai wewe, hakumdai huyu. Mimi nyuzi sizipendi, Bwana Shee, na harusini anakopiga mwanao sitakwenda. Lakini sitamzulia Mola deni ambalo halidai."

Baba akasema, "Lakini Mama mwenyewe aliuchoma udi. Kwa macho yangu niliona. Aliutia jikoni, chini ya sufuria ya khitima."

"Aliuchoma, ndiyo," Shangazi akasema. "Mwanawe amekufa, Shee. Alitaka kitu cha kukilaumu. Mola hakuthubutu kumlaumu, nawe na kombe lako hakutaka kukulaumu. Akaulaumu udi."

Baba akauliza, "Zena, kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuniuliza. Nilidhani mumeuwata kwa ajili ya dini."

Na sisi, ndugu zangu, watu wa mtaa walipotuuliza kama ni dini, tulisema hapana, ni Bibi. Dini ikasingiziwa Bibi, Bibi akasingiziwa dini, na katikati baba na mwana hawakula pamoja.

Baba aliinamisha kichwa akalia, na Shangazi akamwekea mkono kisogoni kama anavyowekewa mtoto. Mimi na Mwalimu tukatoka nje, tukajifanya tunatazama mbuzi.

Tulirudi Amu kwa boti ile ile. Tulipokanyaga gati Baba akasimama, akakung'uta manyoya kwenye kanzu. "Mashua yako iko wapi?"

"Ras Kitau, Baba."

"Iite. Nimechoka na kuku."

Nikapiga simu, na vidole hivi vinavyosifiwa visiwa vizima vilishindwa kubonyeza namba. Mwalimu akanibonyezea. Tulipokuwa tukingoja, Baba akakunja mkono wa kanzu mpaka kwenye kiwiko, akanipa mkono wake mtupu, wenye alama za sindano. Nikaubusu. Akasema, "Radhi yangu unayo. Ulikuwa nayo. Nilikuwa nimeishika kwa kuogopa isianguke."

Akaingia nyumbani kwangu Shela kwa mguu wa kulia na bismillahi. Mama alikuwa jikoni, akamwona, akasema tu, "Leo kuna samaki. Usiulize." Baba akala, hakuuliza.

Baada ya chakula akatoa kofia yake na sindano, akasema, "Kilete."

Nikauleta udi. Ndugu zangu, nimepiga mbele ya mawaziri na mbele ya Wazungu waliolia machozi, lakini siku ile jasho lilinitiririka. Nilipiga kila nilichokijua. Nilipanda, nikashuka, nikatia madoido yote. Baba anashona. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Athmani alikuwa akipiga vizuri kuliko wewe."

"Bwana!" Mama akasema.

"Ni kweli. Huyu ana haraka. Athmani alikuwa akiingoja sauti iishe, ndipo alete nyengine." Kisha, ndugu zangu, baba yangu, aliyekuwa akikunja mkeka redio ikilia, akaanza kuimba kwa pua, taratibu, wimbo ambao sikupata kuusikia kwa mtu yeyote. Aliuficha kifuani tangu utoto. Nikautafuta kwa nyuzi. Nikakosea, akanisahihisha. Nikakosea tena, akanisahihisha. Nami mtu ambaye mpiga udi mwenzangu akinipa nasaha humwonyesha mlango, nilisema, "Ndiyo, Baba. Tena."

Sasa Baba analala chumba cha chini, kikohozi kimekwisha, na nyumba yake ya Amu imetiwa boriti mpya. Namshukuru Mola, kisha Mwalimu Omari ambaye bado hanijii harusini nami simlaumu. Wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu nyuzi, nami ni nani wa darasa la nne kuwaamua? Aliyeona bora aziache, aziache kwa elimu, na Mola ampe thawabu. Nasema tu asiziache kwa maneno asiyoyajua, wala asimnyime mwanawe mkono kwa ajili ya hayo.

Na wewe ndugu yangu unayesoma haya, ambaye kwenu kuna jambo linaogopwa na hakuna ajuaye lilianzaje, muamini Mola, kisha nenda ukaulize. Muulize mzee wako angali hai, kwa adabu, neno kwa neno. Mola hamfungi mja kwa kamba ambayo Yeye hakuisuka. Mimi amenifungua, na nashuhudia.

Na mkisikia watu wakisema Bunu ndiye mpiga udi wa kwanza visiwa hivi, warekebisheni. Bunu ni wa pili. Wa kwanza ni Ami Athmani, Mola amrehemu, na shahidi wangu ni Baba.